Dalili ya Mvua ni Mawingu: Kikokotoo na Hesabu ya Watoto 809 wa Korogwe na Kilifi

Ilikuwa baada ya Sala ya Alasiri, katika ua wa nyumba ya mama yangu mzazi, Kilole, mjini Korogwe. Mama alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele wa chakula cha usiku. Kando yake alikaa mpwa wangu, binti wa Kidato cha Sita anayesoma Fizikia, Kemia na Hisabati, akiwa na kikokotoo cha grafu alicholetewa na baba yake mdogo kutoka ng'ambo. Mke wa mdogo wangu alikuwa akimnyonyesha mwanawe wa miezi mitano. Ndiye aliyeanzisha mazungumzo.

"Mama, chanjo ya malaria ikiletwa kliniki yetu, nimpeleke huyu?"

Mama hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Mimi nitakwambia nililoliona. Wakati ule wa utafiti, zaidi ya miaka kumi na tano iliyopita, nilipokuwa nikiishi kijijini, mtoto wa jirani yangu alichomwa sindano zote. Kabla ya mwaka kwisha akalazwa kwa malaria. Na huyu mjukuu wangu nilimkatalia, hakuchomwa hata moja. Mtazame alivyo mzima."

Ua ukanyamaza. Sote tulijua kwa nini neno "malaria" huwa zito kinywani mwa mama. Mdogo wangu aliyenifuata kuzaliwa alifariki kwa degedege kabla hajatimiza miaka miwili, Allah amrehemu. Mwanamke aliyezika mtoto hasemi kuhusu homa kwa mzaha, wala hapingwi kwa maneno mepesi.

Mpwa wangu alisita, kisha akauliza kwa adabu: "Bibi, nikikubali kwamba yote mawili uliyoyasema ni kweli, utaniruhusu nikuoneshe hesabu?"

Mama akacheka. "Hesabu ya mashine yako hiyo?"

"Hesabu ya watoto wa hapa hapa Korogwe, bibi. Mashine inanisaidia kukokotoa tu."

Makala haya ni masimulizi ya hesabu ile. Nimeona niyaandike kwa ajili ya familia zetu, kwa kuwa swali la shemeji yangu ni swali la nyumba nyingi, na jibu lake halimo katika kelele za sokoni wala katika jumbe za simu zinazosambazwa bila kujulikana zilikotoka.

Bambo katika gunia

Waswahili tunasema dalili ya mvua ni mawingu. Methali hiyo ni somo zima la takwimu. Kuna kinachoonekana, nayo ni mawingu. Na kuna kisichoonekana bado, nayo ni mvua. Mwenye busara huhama kutoka kwenye kinachoonekana hadi kwenye kisichoonekana, lakini anajua kwamba mawingu mengine hupita bila kudondosha tone. Elimu ya kufikia hitimisho kwa njia ya takwimu ndiyo hiyo: kutoa hukumu juu ya wengi kwa kuwatazama wachache, na pamoja na hukumu hiyo kutaja ukubwa wa shaka iliyobaki.

Mfanyabiashara wa nafaka anaijua elimu hii bila kuisoma. Hamwagi gunia zima la mahindi ili ajue kama yamepata ukungu. Huchukua bambo, akalichoma gunia juu, katikati na chini, akatazama punje zilizotoka. Punje hizo ndizo sampuli. Akichoma mahali pamoja tu, tena pale alipoelekezwa na muuzaji, atadanganyika. Akichoma sehemu nyingi bila kuchagua, punje chache zitamweleza habari za gunia zima, ingawa si kwa ukamilifu.

Jirani wa mama ni punje moja. Mpwa wangu ni punje ya pili. Zote ni punje za kweli, lakini hazikutolewa kwa bambo. Zimekuja mkononi kwa sababu ndizo zilizokuwa karibu na macho ya mama, na kwa sababu moyo hukumbuka zaidi lile lililouumiza au kuufurahisha.

Watoto 809

Mwaka 2007 watafiti walianza jaribio la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S katika sehemu mbili za ukanda wetu: Korogwe hapa Tanzania na Kilifi nchini Kenya. Kwa upande wa Korogwe kazi ilifanywa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Matokeo yalichapishwa Desemba 2008 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine, na majina mawili ya mwanzo katika orodha ya waandishi yalikuwa Philip Bejon, aliyekuwa Kilifi, na Dk. John Lusingu wa Tanzania.

Watoto 894 wenye umri wa miezi 5 hadi 17 waliingizwa katika jaribio kwa ridhaa ya wazazi wao. Waligawanywa katika makundi mawili kwa njia ya nasibu, yaani kama kwa kura. Kundi moja lilipewa chanjo ya malaria. Kundi la pili, la ulinganisho, lilipewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo haina uhusiano wowote na malaria lakini ina faida yake. Watoto 809 walikamilisha hatua zote kama zilivyopangwa, wakafuatiliwa kwa wastani wa takriban miezi minane.

Mpwa wangu aliandika namba nne kwenye daftari lake, akamsomea bibi yake polepole:

Waliochanjwa dhidi ya malaria: watoto 402. Waliougua malaria kati yao: 32.

Waliopewa chanjo nyingine: watoto 407. Waliougua malaria kati yao: 66.

"Sasa bibi, tazama," alisema. "Jirani yako hakusema uongo. Wako akina mama 32 ambao watoto wao walichanjwa na wakaugua. Jirani yako anaweza kuwa mmoja wa watu wa aina hiyo. Na wewe pia hukusema uongo. Toa 66 kutoka 407, wanabaki 341. Watoto 341 hawakupata chanjo ya malaria na hawakuugua katika muda ule. Mimi ni wa aina hiyo."

Mama aliacha kuchambua. "Kwa hiyo sote tunasema kweli?"

"Sote tunasema kweli, lakini kila mmoja anasema kweli ya mtoto mmoja. Swali la mama mdogo ni la watoto wengi."

Nilipomsikia nilitamani kila mhubiri wa vijiweni angekuwepo. Akina mama 32 wanaweza kuapa kwamba chanjo haifai, na watu 341 wanaweza kuapa kwamba haihitajiki, na kila kiapo kikawa cha kweli. Hata hivyo, ukiweka makundi hayo mawili katika mizani, utaona kwamba katika kundi la kwanza waliugua takriban watoto 8 katika kila 100, na katika kundi la pili takriban 16 katika kila 100. Nusu nzima imepungua.

Kikokotoo kinaulizwa nini

Hapo ndipo mwenye shaka anapouliza swali la haki kabisa: je, tofauti hiyo haikuwezekana kutokea kwa bahati tu? Pengine watoto wenye afya zaidi waliangukia kundi la kwanza kwa mkono wa kura.

Swali hilo ndilo kikokotoo hulijibu. Mpwa wangu alinionesha hatua zake. Kikokotoo chake ni TI-84 Plus, ambacho kimekuwapo tangu mwaka 2004. Kikokotoo cha kwanza cha grafu kinachojulikana kuuzwa duniani, Casio fx-7000G, kilitoka mwaka 1985. Na vipimo vya kitakwimu vilivyo tayari ndani ya mashine vilienea baada ya TI-83 kutoka mwaka 1996.

Alibonyeza kitufe kilichoandikwa STAT, akasogea hadi kwenye orodha iitwayo TESTS, akachagua kipimo cha sita, 2-PropZTest, yaani kipimo cha kulinganisha uwiano wa makundi mawili. Mashine ikamwomba namba nne. Akajaza 32 na 402 kwa kundi la kwanza, 66 na 407 kwa kundi la pili. Kisha akachagua alama inayosema kwamba nyuwiano mbili hazilingani, akabonyeza Calculate.

Kabla ya kusoma jibu, sharti tuelewe mashine imeulizwa nini. Imeanza na nadharia tete, yaani dhana inayowekwa kwanza ili ijaribiwe. Nadharia tete hapa ni kwamba chanjo haina faida yoyote. Kama ni hivyo, basi watoto 98 walioumwa, yaani 32 na 66, wangeumwa vyovyote vile, na kura pekee ndiyo iliyoamua nani aangukie upande gani. Je, kura tupu ingewagawa 32 huku na 66 kule?

Familia inaweza kuipima dhana hiyo nyumbani kwa sarafu moja. Irusheni mara 98, mhesabu upande wa kichwa. Mara nyingi mtapata namba iliyo karibu na 49: pengine 45, pengine 53. Kupata 32 au pungufu ni jambo la nadra sana. Mnaweza kurudia zoezi hilo jioni nyingi msilione.

Mashine ilijibu kwamba z ni −3.598, na p ni 3.2E-4. Alama ya kutoa mbele ya z inamaanisha tu kwamba kundi la kwanza ndilo lenye uwiano mdogo. Namba yenyewe inasema kwamba tofauti iliyoonekana iko mbali na sifuri kwa zaidi ya mara tatu na nusu ya mtikisiko wa kawaida unaotarajiwa kutokana na bahati.

Kuhusu p, wanafunzi wengi hujikwaa hapa. Huona 3.2 wakadhani ndilo jibu. Herufi E na namba inayofuata huamuru nukta isogezwe kushoto mara nne: 0.00032. Maana yake ni hii: kama chanjo isingekuwa na faida yoyote, tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi ingetokea kwa bahati takriban mara 3 katika majaribio 10,000. Mwenye busara akiona hivyo huiacha dhana ya bahati.

Zingatia pia kile ambacho p haisemi. Haisemi kwamba kuna uwezekano wa 0.00032 kuwa chanjo haifai, na haisemi chanjo ina nguvu kiasi gani. Hilo la pili linahitaji hatua nyingine.

Masafa badala ya namba moja

Mpwa wangu alirudi kwenye orodha ile ile, akachagua 2-PropZInt, akaacha namba zile zile na kiwango cha uhakika cha 0.95. Mashine ikatoa namba mbili: −.1271 na −.038. Kwa lugha ya nyumbani, chanjo iliwaepusha na malaria katika muda ule takriban watoto 8 katika kila 100, lakini kwa sampuli hii ukweli wenyewe unaweza kuwa popote kati ya watoto 4 na watoto 13 katika kila 100. Haya ndiyo masafa ya uhakika. Njia hii ya kukokotoa, ikirudiwa kwa sampuli nyingi, huunasa ukweli takriban mara 95 katika kila 100.

Muhimu ni kwamba sifuri haimo ndani ya masafa hayo. Kama ingekuwamo, tungelazimika kukiri kwamba huenda hakuna tofauti.

Ukigawanya uwiano wa kundi la kwanza kwa wa kundi la pili unapata 0.49, kwa hiyo ugonjwa ulipungua kwa takriban asilimia 51. Watafiti wenyewe, kwa njia pana zaidi inayozingatia muda ambao kila mtoto alifuatiliwa na mambo mengine, walipata asilimia 53, na masafa ya kutoka asilimia 28 hadi 69. Binti wa Kidato cha Sita, akiwa mkekani Kilole, amekaribia jibu la jarida la kimataifa kwa namba nne tu. Hakuhitaji kumwamini mtu kwa upofu, na hakuhitaji kumkanusha mtu kwa upofu.

Kwa nini lazima pawe na kundi la pili

Mama aliuliza swali ambalo wanafunzi wa chuo wakati mwingine hulisahau. "Kwa nini wasingewachanja wote, wakatazama kama malaria imepungua?"

Jibu limo katika historia ya Korogwe yenyewe. Watafiti waliopima damu za wanavijiji wa wilaya hii waliona kwamba katika eneo la bondeni, waliokuwa na vimelea vya malaria walikuwa takriban 78 katika kila 100 mwaka 2003, lakini kufikia mwaka 2008 walikuwa wamebaki takriban 13 katika kila 100. Upungufu huo mkubwa ulitokea kwa watu wa kawaida wa vijijini, katika miaka ile ile ambayo vyandarua vyenye dawa na matibabu bora vilikuwa vikienea.

Fikiria sasa kama wote wangechanjwa mwaka 2007 na pasiwepo kundi la kulinganisha. Chanjo ingepewa sifa ya kazi iliyofanywa na mambo mengine. Kundi la pili liliishi katika vijiji vile vile, likanyeshewa mvua zile zile na kuumwa na mbu wale wale. Tofauti iliyobaki kati ya makundi hayo ndiyo inayoweza kuhesabiwa kuwa ya chanjo.

Elimu isiyo ngeni kwetu

Wako wanaodhani mambo haya yameletwa juzi na wageni. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, Abu Yusuf Yaqub al-Kindi aliandika risala juu ya kufumbua maandishi ya siri. Alifundisha kwamba zihesabiwe herufi zinavyojirudia katika maandishi ya kawaida ya lugha ile ile, kisha zihesabiwe alama za maandishi ya siri, na makundi hayo mawili yalinganishwe. Kutoka kwenye sampuli ya maandishi akafikia hitimisho juu ya lugha nzima. Risala hiyo ilipatikana tena Istanbul katika karne ya 20, na wanahistoria wengi huitaja miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za aina hii.

Tabibu Abu Bakr al-Razi, aliyefariki takriban mwaka 925, naye ameacha kumbukumbu kwamba wagonjwa waliokuwa na dalili za homa ya ubongo aliwatibu baadhi kwa kuwatoa damu, na wengine akawaacha makusudi bila tiba hiyo, ili apate kujua. Tiba yenyewe leo imeachwa, lakini fikra ya kuweka kundi la ulinganisho ilikuwa ya kweli, na ndiyo iliyofika Korogwe miaka elfu moja na zaidi baadaye.

Nasi ni umma uliofundishwa kuthibitisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Hesabu ya namna hii ni chombo kimojawapo cha kuthibitisha.

Kikokotoo kisichokijua

Hata hivyo, mashine haina aibu. Itajibu swali lolote, hata la kipuuzi. Mpwa wangu alijaribu mbele yetu: akajaza watoto 2 waliougua kati ya 20, na 3 waliougua kati ya 20, kama vile mtu angewahesabu watoto wa mtaa wake tu. Mashine ikatoa p ya 0.63. Maana yake tofauti kama hiyo, au kubwa kuliko hiyo, hutokea kwa bahati zaidi ya nusu ya nyakati. Haithibitishi kwamba chanjo inafaa, na haithibitishi kwamba haifai. Sampuli ni ndogo mno kusema neno. Tena kipimo hiki hakipaswi kutumika kabisa pale ambapo waliougua ni wachache namna hiyo, lakini mashine haikutuonya.

Vilevile mashine haijui kama makundi yaligawanywa kwa haki, kama waliohesabu walikuwa waaminifu, au kama muda wa kufuatilia ulikuwa mrefu wa kutosha. Hilo la mwisho lilikuja kuonekana wazi. Jaribio kubwa zaidi lilifuata kuanzia mwaka 2009 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Korogwe na Bagamoyo vikiwemo, likiwa na watoto zaidi ya 15,000. Matokeo ya mwisho, yaliyotolewa mwaka 2015 baada ya ufuatiliaji wa miaka kadhaa, yalionesha kwamba kwa watoto wa miezi 5 hadi 17 waliopata dozi nne malaria ilipungua kwa takriban asilimia 36, na kwa waliopata dozi tatu tu takriban asilimia 28. Kwa watoto wachanga zaidi kinga ilikuwa ndogo kuliko hapo.

Mwenye haraka atasema, "Mnaona? Walitudanganya, 53 imekuwa 36." Sivyo. Jaribio la kwanza lilihesabu takriban miezi minane, la pili likahesabu miaka. Kinga hupungua kadiri muda unavyokwenda, na kwa sababu hiyo dozi ya nne ilipimwa. Elimu inayokubali kujisahihisha hadharani inastahili kuaminiwa zaidi kuliko uvumi usiojisahihisha kamwe. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wanaoishi penye malaria nyingi, na Oktoba 2023 likapendekeza ya pili, R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo miongoni mwa sehemu nyingine.

Kwa mzazi mwenye mwanafunzi

Vikokotoo vya grafu huweza kupangiwa programu, ilhali Baraza la Mitihani huruhusu katika Hisabati ya Juu vikokotoo visivyo vya programu tu. Kwa hiyo mwanafunzi asikitegemee chumba cha mtihani. Kwake ni mwalimu wa nyumbani: afanye hesabu kwanza kwa mkono, kwa kutafuta uwiano wa kila kundi, tofauti yao, na mtikisiko wa tofauti hiyo, kisha aitumie mashine kuhakiki. Mgawanyo wa kawaida anaoufundishwa darasani ndio unaofanya kazi ndani ya mashine.

Asiyekuwa na kikokotoo hicho asivunjike moyo. Programu ya GeoGebra hupatikana bure kwa simu na kompyuta, na ndani yake mna kipimo hicho hicho cha kulinganisha nyuwiano mbili.

Kwa sisi tusiosoma hisabati, yako maswali matatu ya kuuliza kila tunapoletewa habari ya tiba, iwe ya chanjo, ya dawa ya miti shamba au ya kidonge kipya. La kwanza: wangapi kati ya wangapi? "Watu wengi wamepona" si hesabu. La pili: wamelinganishwa na nani? La tatu: masafa ni kiasi gani, na muda ulikuwa mrefu kiasi gani? Muuza dawa asiyeweza kujibu hata moja, mwache aende na chupa zake.

Neno la mama

Magharibi ilikaribia. Mama alikuwa amekwisha kuuweka ungo kando. Alinyamaza kitambo, kisha akamuuliza mjukuu wake swali ambalo sitalisahau.

"Na hao 32? Mashine inasema nini juu yao?"

Mpwa wangu aliitazama mashine, kisha akaizima. "Haisemi kitu, bibi. Haijui ni watoto wa nani. Inajua tu kwamba bila chanjo wangekuwa kama 65."

Mama akatikisa kichwa taratibu. Nilijua anamfikiria mtoto mmoja ambaye hayumo katika hesabu yoyote, aliyetutoka kabla watafiti hawajafika, wakati hapakuwa na kundi la kwanza wala la pili. Kwa mama yule, mtoto mmoja ni asilimia mia. Takwimu haiwezi kulibishia hilo na wala haipaswi kujaribu. Inachoweza ni kupunguza idadi ya akina mama watakaokaa mkekani na kumbukumbu kama ile yake.

Akamgeukia mkwewe. "Siku wakiileta, kawaulize dozi ni ngapi, na usiache ya mwisho. Na chandarua usikitoe kitandani kwa sababu ya sindano. Hao 32 ndio wanaokwambia hivyo."

Kisha adhana ikasikika, akajiinua kwa kushika bega la mjukuu wake, akaenda kutia udhu. Mtoto alikuwa amelala. Shemeji yangu akamwingiza ndani, nami nikamwona kupitia dirishani akishusha chandarua na kukichomeka chini ya godoro, upande mmoja baada ya mwingine, pande zote nne.

Wabillahi Tawfiq.